Nilimnyoa Saa Moja, Saa Nne Nikamkana

Wale mlionihurumia juma lililopita kwa mkasa wa masufuria, irudisheni huruma yenu mfukoni. Leo hainistahili.

Kwa asiyenijua, mimi ni Saad, kinyozi wa Bondeni, Nakuru, na nina ugonjwa ambao daktari hana dawa yake. Mkutano ukiitwa na mwenyekiti akauliza nani atajitolea, mkono wangu huwa juu kabla sijasikia kazi yenyewe ni ipi. Ndivyo nilivyoingia kamati ya harusi na kamati ya mazishi kwa siku moja, nikayapeleka masufuria ya chama harusini Njoro siku ambayo kwetu amefariki Bi Samsam. Waliokuja kumzika walirudi makwao na njaa, na badala ya wali likatafunwa jina langu.

Mtu mwenye haya angejiuzulu. Mimi nikajitolea kwenye kamati mbili zaidi, ya bomba la maji na ya kusuluhisha ugomvi, ili watu waone nimejirekebisha. Mke wangu Mastura akaniuliza kama ipo kamati ya waume wanaokaa nyumbani, aniandikishe.

Cheko limekwisha. Tuendelee.

Ninayoeleza leo ni ya mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari. Waliokuwa Nakuru siku zile hawana haja ya kuelezwa. Mkikuyu aliyekaa mjini alitakiwa awe na karatasi ya kumruhusu, na asiyekuwa nayo alipakiwa kwenye lori akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa watu wake, hata kama alizaliwa huku huku bonde la ufa na hiyo rizavu hajapata kuiona kwa macho.

Jumapili moja mwenyekiti wetu, Mzee Darweshi, akatuita uani kwake. Chama chetu kilikuwa cha majirani wa mstari mmoja wa nyumba: sisi Waislamu ambao wazee wetu walitoka pwani, Wajaluo wa reli, Wakikuyu, na Wakipsigis wawili watatu. Kibali cha kukutana alikiomba yeye mwenyewe, akakikunja ndani ya kofia yake asije akakipoteza.

Alisema ofisi imefungua tundu dogo. Nyumba ya Mkikuyu itabaki mtaani ikiwa mtu wa kabila jingine, mwenye kujulikana, atafika mbele ya meza na kusema: huyu namjua, namdhamini. Ila mdhamini mmoja ana mlango mmoja. Ukishausimamia huu, wa pili usiuguse.

Ikaundwa kamati ya wadhamini. Mzee Darweshi akauliza nani atasimama kwa Mburu, na mnajua mkono wa nani ulipanda.

Lakini siku ile, wallahi, mkono ulipanda pamoja na moyo. Mburu alikuwa seremala, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Jeneza la chama, lile linalotubebea maiti wetu hadi makaburini, alilitengeneza yeye, Mkristo, kwa mbao za mutarakwa, mti usioliwa na mchwa, alizozichagua moja moja, na shukrani yetu akaikataa hata ya kikombe cha chai. Wa kwanza kubebwa ndani yake alikuwa mama yangu. Na kwa miaka sita, kila mwisho wa mwezi, Mburu alikaa kwenye kiti changu nikakishika kichwa chake mikononi, tukataniana mpaka nywele zikaisha.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana ndiyo iliyonifunga. Mkutano wetu hufungwa kwa Fatiha. Wakristo nao huinua mikono kwa heshima, na wote kwa pamoja huitikia amina. Wazee waliweka masharti mawili. Neno lililoahidiwa kabla ya Fatiha halirudishwi. Na mtu asiyeitikia amina, sharti aseme sababu yake papo hapo mbele ya wote. Tangu nipate akili sikuwahi kuona mtu asiyeitikia.

Tuliposhusha mikono Mburu akanigeukia.

"Saad, mimi si Mwislamu," alisema, "lakini hiyo amina yangu ni ya kweli. Wariara ako na mimba ya miezi saba. Usiniangushe."

"Nikuangushe wapi, Mburu?" nikamjibu, na nilimaanisha.

Wariara ndiye mkewe. Siku ya meza ya wanaume ilikuwa Alhamisi. Meza ya wajane ilikuwa Jumanne.

Jumatatu akanijia Njoki, mjane aliyeuza uji karibu na stesheni. Mdhamini wake, Kipketer, alikuwa ameitwa kwao Kuresoi kuchimba viazi, na kule hakuna wa kumfuata. Njoki hakulia. Alifanya kitu ambacho mwanamke hajawahi kukifanya dukani kwangu: alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akaweka mikono juu ya mikono ya kiti.

"Watu wanasema wewe haujui kukataa," akaniambia. "Sasa nikatae nione."

Wateja wawili, wageni wa mtaa, walikuwa wanangoja. Nikaona haya kumkatalia mbele yao. Nikasema nitakwenda.

Na nikaenda kweli. Jumanne asubuhi nilisimama mbele ya meza, nikasema namjua Njoki, nikatia sahihi. Moyoni nilipiga hesabu zangu za kijinga. Nilijiambia ofisi ile ina makaratasi hadi darini, nani ataikumbuka Jumanne ikifika Alhamisi? Si nimezoea kuwa kamati mbili kwa wakati mmoja? Masufuria tu ndiyo yaliyonishinda, na yale ni makubwa.

Ningeweza kumwambia Mzee Darweshi siku ile ile. Angetafuta mtu mwingine wa kumsimamia Mburu, kulikuwa na siku mbili nzima. Lakini baada ya mkasa wa Njoro sikuweza kustahimili kuambiwa tena kwamba nimeahidi kitu kimoja kwa watu wawili. Nikanyamaza, na Njoki nikamsihi anyamaze. Hata Mastura sikumwambia. Aibu ndogo ndiyo niliyoikimbia, nayo ikanipeleka moja kwa moja kwa mama yake.

Alhamisi saa moja asubuhi Mburu akaja dukani na koti lake la kanisani. Alitaka aonekane mtu wa maana mbele ya meza. Nikamnyoa kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu, pembeni nikampitishia wembe, shingoni nikampaka poda. Alijitazama kwenye kioo akacheka, akasema hata mzungu atamwonea wivu. Kisha akainama, akakitikisa kiti changu.

Tukaenda pamoja. Njiani hakuzungumza sana, nami nilizungumza kwa wawili.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele, ndani ya chumba, kulikuwa na mzungu kijana mezani na karani wake wa kutafsiri. Aliyekubaliwa alitokea mlango wa kulia, akarudi zake mtaani. Aliyekataliwa alitokea wa kushoto, na kushoto kulikuwa na seng'enge na lori. Kwenye kona ya chumba alikuwako jirani yetu Akoth, mke wa mtu wa reli, ambaye alifanya kazi ya usafi pale ofisini. Alikuwa amepiga magoti anapiga deki. Nilimwona, sikumtilia maanani.

Ilikuwa saa nne ilipofika zamu yetu. Nikataja jina langu kwa sauti ya mjumbe wa kamati.

Karani hakuniandika. Alirudisha kurasa nyuma, moja, mbili, akaweka kidole.

"Saad, kinyozi," akasoma. "Jumanne ulisimamia mwanamke wa uji."

Akamnong'oneza mzungu. Mzungu akaniangalia kwa mara ya kwanza, akasema maneno mengi kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Karani akayageuza kwa Kiswahili. Alisema wako watu mjini wanaofanya biashara ya kudhamini, leo wanamjua huyu, kesho wanamjua yule. Watu hao huwekwa upande wa kushoto pamoja na wale wanaowaleta.

"Bwana anauliza mara moja tu," karani akasema. "Huyu mtu unamjua?"

Msomaji, nimelijibu swali lile vizuri mara elfu tangu siku ile. Nimelijibu nikinyoa, nimelijibu nikila, nimelijibu nikisali. Namjua, bwana, ni jirani yangu. Ukinipeleka kushoto nipeleke, lakini namjua. Maneno mepesi, hata mtoto angeyasema.

Nilitazama ule mlango wa kushoto. Ulikuwa wazi, na nje niliona gurudumu la lori.

"Simjui, bwana," nikasema. "Nilimwonyesha tu njia ya kuja hapa."

Karani alitazama poda kwenye shingo ya Mburu. Kisha akatazama mkono wa shati langu, ambako nywele za Mburu zilikuwa bado zimenasa. Akaandika. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza neno kwa neno.

Mzungu akataka na Mburu aulizwe vile vile, kama ananijua mimi.

Nikafumba macho. Nilijua sasa atanivua nguo. Alikuwa na haki, na maneno yake yangetosha kunipakia kwenye lile lori pamoja naye.

"Hapana, bwana," Mburu akasema. "Huyu tumekutana kwa njia tu."

Wakamwonyesha kushoto. Alipopita karibu nami akapunguza mwendo kidogo, akanena chini chini bila kunitazama usoni.

"Kiti yako imelegea mguu ya nyuma. Nilikuwa nitengeneze leo. Usikalishe mtu mzito."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwake siku ile. Mimi nilitokea mlango wa kulia.

Nilifika nyumbani nimeamua kumwambia Mastura kila kitu. Nakumbuka nilikuwa nimeshakaa mkekani, nimeshafungua kinywa. Ndipo Wariara akabisha hodi, kitenge kimefungwa juu ya tumbo, macho yamevimba. Alikuwa ametoka kwenye seng'enge. Walikuwa wamemruhusu kusema na mumewe kwa dakika chache.

Nilisimama. Nilitaka aseme lolote analotaka kusema, hata anitemee mate.

Wariara alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema Mburu amemweleza jinsi nilivyompigania, nikasema na mzungu mpaka nikafukuzwa mezani. Amesema asiwe na wasiwasi, maadamu Saad yuko mtaani ana ndugu.

Mburu alimdanganya mkewe ili kunisitiri mimi. Na mimi nikaupokea uongo ule. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyechoka na vita, nikasema tumeshukuru Mungu kwa yote.

Mastura akalia kwa fahari. Tangu tuoane, mke wangu hajapata kunitazama kama alivyonitazama jioni ile. Akanipakulia nyama yote, akabaki na mchuzi.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa shujaa wa Bondeni. Wateja waliingia dukani kunipa mkono hata bila kunyolewa. Njoki aliniletea uji kila asubuhi kwenye birika lake dogo, akingoja mpaka ninywe wote, nami niliunywa kama mtu anywaye shubiri. Kiti kiliyumba kila alipokaa mtu. Fundi mwingine wa kukikaza nilimjua, lakini sikuthubutu kumwita.

Mtu mmoja tu hakunipa mkono. Akoth alipita mbele ya duka Ijumaa, nikamsalimu, hakuitika. Alipita tena Jumamosi, ikawa vile vile. Nikajiambia labda mwanamke anaumwa jino. Mtu mwenye makosa hutafuta sababu hata penye jino la mwenzake.

Jumapili alasiri Mzee Darweshi akatuita tena. Ua ulijaa kuliko siku zote. Wanawake walikaa upande wa ukuta, Mastura mbele, Wariara kwenye kigoda pembeni yake, Akoth nyuma yao.

Mwenyekiti alianza na mimi. Alisema chama kilinisimanga sana kwa masufuria, na yeye mwenyewe aliongoza kunisimanga, lakini mtu hupimwa siku ya shida. Alisema kinyozi wetu alisimama mbele ya mzungu kwa ajili ya jirani wa dini nyingine na kabila jingine, wakati wengine wamejifungia majumbani. Akapendekeza niwe makamu wake. Watu wakapiga makofi. Nilitazama vidole vya miguu yangu, na wakadhani ni unyenyekevu.

Kisha akaeleza habari aliyoiweka moyoni kwa siku nzima. Malori yangeondoka Jumanne, Mburu katika lile la kwanza, na Wariara na tumbo lake katika lile la pili. Lakini alikuwa amekwenda ofisini, akasihi mpaka akakubaliwa. Kesho Jumatatu watalisikiliza tena shauri la Mburu. Wamesema aje yule mtu aliyesimama naye mara ya kwanza, aje pamoja na wazee wawili wa mtaa, na Wariara awepo.

"Maneno yako yamo kitabuni, Saad," Mzee Darweshi akaniambia, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Karani atayasoma mbele yetu, halafu nasi wazee tutayatilia nguvu. Kazi ngumu umeshaimaliza wewe."

Nikiacha kwenda, shauri halitasikilizwa, na Mburu na mkewe wataondoka. Nikienda, litasomwa neno langu, simjui bwana, na Wariara atalisikia kwa masikio yake. Na baada ya kusomwa hilo, nani ataniamini nikisema namjua? Mlango wa kushoto ulikuwa unaningoja tena, safari hii nikiwa na mashahidi wawili wenye ndevu nyeupe.

Mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi: "Nani atakwenda?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mkono wangu ulibaki pajani.

Mastura aliinua uso akanitazama, kwanza kwa mshangao, halafu kwa wasiwasi. Wariara ndiye aliyeniokoa, kama kuokoa ndiko huko. Alitabasamu.

"Leo mkono ya Saad imelala?" alisema.

Watu wakacheka kwa upole, kicheko cha watu wanaompenda mtu. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Palikuwa na nafasi, wote walikuwa wamegeuka kwangu, na kicheko kilikuwa kimelainisha nyoyo. Badala yake nikauinua mkono.

"Tusome Fatiha," akasema Mzee Darweshi.

Tukainua viganja, Waislamu na Wakristo. Mwenyekiti akasoma taratibu. Mimi nilisoma pamoja naye kwa midomo, na nilipofika mahali pa kuomba kuongozwa njia iliyonyooka, ulimi ukakauka. Nilijiona mwizi aliyesimama katikati ya safu.

Amina ikaitikiwa na ua mzima. Watu wakajifuta nyuso, wakaanza kukusanya viatu.

"Ngojeni," akasema Mzee Darweshi. Alikuwa anatazama upande wa ukuta. "Akoth, wewe sijaona umeinua mikono."

Akoth alikuwa ameketi vile vile, mikono imefungwa kifuani.

"Sijaitikia, mzee," akasema.

Mnong'ono ukapita. Mzee mmoja akasema labda hakusikia. Mwenyekiti akamkumbusha kwa adabu sharti la chama, kwamba asiyeitikia husema sababu yake mbele ya wote.

"Hiyo sheria naijua," Akoth akajibu. "Nimengojea siku tatu. Nilisema, wacha nione kama mtu atasema mwenyewe, maana mimi si wa kupeleka maneno. Kazi yangu ni kupiga deki tu."

Mastura akageuka kumtazama Akoth, halafu akanigeukia mimi. Tabasamu la Wariara lilikuwa bado halijafutika usoni, lakini halikuwa na kitu nyuma yake.

"Basi sema sababu, binti yangu," Mzee Darweshi akasema.

"Nitasema zamu ikinifikia," akasema Akoth, akaninyooshea kidevu. "Lakini si mimi pekee, mzee. Nilikuwa namwangalia mdomo. Uliza Saad kama yeye ameitikia."

Mzee Darweshi akanigeukia. Ua wote ukanigeukia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba viganja vyangu vilikuwa bado viko wazi mbele yangu, sikujifuta uso, na kwamba Akoth alisema kweli.

"Saad," akasema mwenyekiti, "umeitikia?"

Nikasimama, nikaanza kuwaeleza tangu ile Jumanne ya Njoki.